Panya wa laboratwari anapewa hewa safi, na mufanyakazi je?



Kila mara mutu wa mugodi anapoanza kukohoa na kukonda, maneno mawili yanamufikia mbele ya munganga. La kwanza linatoka ku biro ya kazi: "Ile ugonjwa iko ya mu famili yenu, haiko ya kazi." La pili linatoka nyumbani, kati ya wandugu: "Banamuloka. Muangalie muke yake." Neno la kwanza linamufukuza mufanyakazi bila franga. Neno la pili linamufukuza muke wake bila nyumba. Sisi watu wa sindika tumeyasikia maneno hayo katika kambi nyingi, na leo tunataka kuyajibu yote mawili.

Jibu letu litapitia kwa panya. Hatusemi panya wa jikoni anayekula unga wa bukari. Tunasema panya wadogo wa laboratwari wanaozaliwa bila kinga ya mwili, kwa sababu ya kasoro waliyorithi kwa baba na mama yao. Wasomi wamewachunguza kwa zaidi ya miaka 50. Ukielewa ugonjwa wa urithi ni kitu gani hasa, utajua vilevile kitu gani hakiko ugonjwa wa urithi. Ndiyo sababu tunaandika.

Mwaka 1962, katika hospitali ya Ruchill, muji wa Glasgow, kule Scotland, walizaliwa panya wasiokuwa na manyoya. Ngozi yao ilikuwa wazi, wakaitwa panya uchi. Mwaka 1966 mutaalamu Flanagan aliandika juu yao: aliona kwamba ule uchi unapita kwa urithi, na kwamba wengi wanakufa wangali wadogo. Watu walifikiri shida ni manyoya tu. Mwaka 1968 mutaalamu mwingine wa Glasgow, Pantelouris, aliwapasua akaangalia ndani ya kifua. Akakuta kitu kimoja kimekosekana: timusi.

Timusi ni kipande kidogo cha nyama kilicho nyuma ya mufupa wa kifua, juu ya moyo. Kwa mutoto ni kikubwa, kwa mutu muzima kinapungua. Kwa muda murefu waganga walidhani hakina kazi kubwa. Ni Jacques Miller, mutu aliyezaliwa Nice, Ufaransa, ndiye aliyeonyesha kazi yake mwaka 1961, alipokuwa akifanya kazi London. Aliondoa timusi katika panya waliozaliwa sasa hivi. Panya hao wakakua vibaya na kushikwa na magonjwa ovyo. Hata akiwabandika ngozi ya panya mwingine, mwili wao haukuikataa. Haukujua tena kutofautisha chake na cha mugeni.

Hii ndiyo kazi ya timusi. Katika damu yetu kuna seli zinazotulinda. Nyingine zinaitwa seli T, na herufi hiyo T inatoka kwa jina la timusi. Zinazaliwa ndani ya mifupa, halafu zinaenda kusoma ndani ya timusi. Pale zinafundishwa kumutambua adui na kutomupiga ndugu. Zile zinazoshindwa zinauawa palepale, na ni nyingi. Zinazofaulu zinatoka kwenda kulinda mwili wote. Nyingine zinaua seli iliyoingiliwa na virusi. Nyingine zinaita wenzao na kuwapa nguvu, kama delege anayepiga kengele ili timu yote isimame. Panya uchi anazaa askari, lakini hana masomo ya kuwafundisha. Kwa hiyo karibu hana seli T, na ugonjwa ambao mwenzake anaushinda kwa siku chache unamuua yeye.

Shida ilitoka wapi? Mwaka 1994 wataalamu wa Freiburg, kule Ujerumani, waliikuta jeni yenyewe. Leo inaitwa Foxn1. Jeni ni kama maandishi ndani ya mwili, yanayosema kila kitu kijengwe namna gani. Katika panya uchi, herufi moja tu imepotea katika maandishi ya jeni hiyo. Herufi moja! Jeni hiyo ndiyo inayoamuru timusi ijengwe, na ndiyo inayoamuru manyoya yatoke. Ndiyo maana vyote viwili vinakosekana pamoja.

Sasa musikilize namna kasoro hiyo inavyopita, kwa sababu hapa ndipo kuna jibu letu la kwanza. Kila mutoto anapata maandishi mawili ya kila jeni: moja kwa baba, moja kwa mama. Panya mwenye andiko moja zuri na moja lililoharibika anaonekana muzima kabisa. Ana manyoya yake, ana timusi yake. Lakini dume na jike wote wawili wakibeba lile lililoharibika, basi kwa kila watoto wane, ni kama mumoja atapata yote mawili mabaya. Huyo ndiye atazaliwa uchi.

Wazazi wa Congo wanaijua hesabu hiyo. Ni ileile ya SS. Baba AS, mama AS, wote wazima, wote wanafanya kazi, na mutoto mumoja anazaliwa SS, analia mifupa usiku. Wangapi wamesema kwamba mutoto huyo ameletwa na bulozi? Wangapi wamemuambia mama: "Ku famili yenu njo kuko mambo mubaya"? Hesabu inasema namna nyingine. Mama peke yake hawezi. Ilipaswa baba naye abebe. Na hata wote wawili hawakufanya dhambi yoyote. Walirithi andiko, wakalipitisha bila kujua, kama vile babu zao walivyolipitisha.

Na kasoro ya panya uchi iko kwa watu vilevile, ingawa ni nadra sana. Mwaka 1996 waganga wa Italia waliandika habari ya dada wawili wa kusini mwa inchi yao, waliozaliwa bila nywele, kucha zao mbaya, na bila seli T za kutosha. Mumoja alikufa angali mutoto muchanga. Mwingine alipewa uboho wa mifupa ya ndugu yake, akapata kinga. Mwaka 1999 wakapata kwamba jeni iliyoharibika kwa watoto hao ni ileile ya panya wa Glasgow. Walipopima watu wa kijiji chao, wakakuta makumi ya watu wanaobeba andiko hilo moja bila kuugua hata kidogo.

Kuko namna nyingine ya kukosa seli T, ambayo inashika watoto wanaume, na andiko lake linabebwa na mama. Ndiyo aliyozaliwa nayo David Vetter kule Texas, Marekani, mwaka 1971. Waliweka mutoto huyo ndani ya chumba cha plastiki chenye hewa iliyochujwa, akaishi humo mpaka miaka 12. Alikufa mwaka 1984. Hata kwa ugonjwa kama huo, ambapo andiko linatoka kwa mama, hakuna munganga aliyesema mama yake ni mulozi. Walisema: jeni. Na kwa sababu walisema jeni, walitafuta dawa. Mwaka 2000, waganga wa hospitali ya Necker, Paris, waliandika kwamba wameingiza jeni nzuri katika seli za watoto wa namna hiyo, na watoto wakapata kinga. Kisha wamoja kati yao walishikwa na kansere ya damu kwa sababu ya namna jeni ilivyoingizwa, na wataalamu wakalazimishwa kurekebisha kazi yao. Njia ni ndefu, lakini iko. Njia ya kumufukuza mama haina mwisho isipokuwa mama kulala inje.

Basi jibu letu la kwanza, tunalielekeza kwa wandugu wa nyumbani, kwa wababa wa ukoo na kwa wachungaji wa makanisa: mutoto anayezaliwa dhaifu hakuloga mutu, na mama yake hakumuloga. Mutoto anayeshikwa na magonjwa makali moja kisha lingine tangu miezi ya kwanza, asiyeongezeka kilo, mupelekeni kwa munganga. Musimupeleke mahali pa kumufunga na kumufungisha kula ili "atoke shetani." Mutoto asiye na nguvu, ukimunyima chakula, unamuua wewe.

Sasa tunageuka upande wa biro ya kazi. Wanasema: "Ugonjwa wake uko wa mu famili." Tunasema: muzuri, tuupime kwa kipimo cha panya. Ugonjwa wa urithi wa namna hiyo una alama zake, na sisi tunaomba tuziangalie moja kwa moja.

Ya kwanza: unaanza lini? Panya uchi anazaliwa bila timusi. Hangoji miaka 15 ya kazi ndiyo timusi ipotee. Mutu aliyeingia kazini muzima, aliyepimwa na munganga wa kampuni mwenyewe akapewa karatasi ya kwamba anafaa kwa kazi ya chini ya udongo, akatoboa majiwe miaka 10 au 15, halafu mapafu yake yakawa magumu, huyo tutasemaje kwamba alizaliwa hivyo? Kama alizaliwa hivyo, karatasi ile ya kwanza waliiandika namna gani?

Ya pili: unashika nani? Urithi unafuata damu. Unashika ndugu wa tumbo moja, unaruka majirani. Vumbi linafuata ekipe. Linashika mutu wa Kasai, mutu wa Lualaba na mutu wa Tanganyika ambao babu zao hawakuonana, lakini wao walisimama pamoja mbele ya mashini moja ya kusaga majiwe. Wakati watu wane wa ekipe moja wanakohoa na wandugu zao wa nyumbani hawakohoi, jina la ukoo wao liko la kampuni.

Ya tatu: kitu gani kinakutwa ndani? Ukipiga radio ya kifua cha mutu mwenye silikozi, unaona alama za vidonda vidogo vilivyokauka katika mapafu. Vumbi la majiwe lina silisi. Punje zake za hatari ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Zinapita pua, zinapita koo, zinafika mwisho wa mapafu. Kule kuna seli zinazokula uchafu. Zinameza silisi, silisi inaziua, punje inatoka na kumezwa na seli nyingine, nayo inakufa. Mahali pale panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakuwa gumu na pumzi inakosa nafasi. Hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu hayo. Na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansere limeiandika silisi ya namna hiyo katika orodha ya vitu vinavyoleta kansere kwa watu. Silisi hairithiwi. Inaletwa na upepo wa kazi.

Tunajua watakavyojibu. Watasema: "Lakini wako watu walifanya kazi ileile na hawakuugua. Basi ule anayeugua alikuwa dhaifu." Neno hilo linasikika kama la akili, kwa hiyo tulijibu vizuri.

Ni kweli, watu hawako sawasawa. Mumoja mwili wake unavumilia zaidi, mwingine kidogo. Lakini hapa panya uchi anatufundisha jambo kubwa kuliko yote. Panya huyo ana udhaifu ambao hakuna mutu anaweza kuukatalia. Herufi imepotea, timusi haiko, askari hawako. Ukimuweka katika sanduku la kawaida, pamoja na uchafu na panya wengine, anakufa mapema. Lakini ukimuweka katika sanduku linaloingiza hewa iliyochujwa, ukachemsha maji yake, ukaua mikrobi katika chakula chake na katika mabanzi anayolalia, na mutu anayemugusa akavaa nguo safi, maski na mikono ya plastiki, panya huyohuyo anaweza kuishi karibu na miaka ya mwenzake muzima. Jeni haikubadilika. Herufi haikurudi. Kilichobadilika ni hewa.

Muone basi. Kama hata yule aliyezaliwa bila kinga anaishi akipewa hewa safi, mutu anaweza kusemaje kwamba mufanyakazi aliyezaliwa muzima anakufa kwa sababu ya udhaifu wake? Na kama kweli ana udhaifu kidogo, hiyo ni sababu ya kuongeza maji juu ya vumbi. Haiko sababu ya kumuandikia barua ya kumufukuza. Katika laboratwari, panya wakikufa wengi katika chumba kimoja, wakubwa hawaulizi panya walikuwa wa ukoo gani. Wanakagua hewa, maji, chakula, na nani aliingia bila maski. Sisi tunaomba ukaguzi uleule.

Na tuseme wazi jambo lingine. Siku moja kampuni zitaweza kupima jeni za watu kwa bei ndogo. Watu wengine watashawishika kuchagua wafanyakazi kwa damu: huyu anavumilia vumbi, mumuingize, huyu hapana. Sindika zote zinapaswa kukataa mbele. Mahali pa kazi panapaswa kufanywa pazuri kwa mutu aliye dhaifu kuliko wote, na wenye nguvu watafaidika vilevile. Kazi ya kutafuta watu wanaovumilia sumu ni kazi ya kuilinda sumu.

Kuko vilevile wale waliozaliwa na seli T zao vizuri, halafu wakazipoteza. Virusi vya sida vinaingia ndani ya seli T zinazoita wenzao, na kuziua pole pole. Mutu anafika pale panya uchi alipozaliwa: adui anaingia, hakuna wa kupiga kengele. Ndiyo maana tibi inamupenda. Tena wale panya wa kasoro ya urithi wamesaidia kuelewa mambo hayo. Mwaka 1983, Philadelphia, Melvin Bosma na wenzake walikuta panya wengine wasio na seli T wala seli B. Kwa sababu panya hao hawakatai nyama ya mugeni, wataalamu waliweza kuwapandikiza vipande vya timusi na ini vya mutu, na kuchunguza ndani yao namna virusi vya sida vinavyofanya kazi. Na kwa panya uchi, tangu mwaka 1969 kule Copenhagen, wamepandikiza kansere za watu ili kujaribu dawa. Dawa nyingi za kansere zilipitia kwa panya kama hao kabla ya kufika kwa mugonjwa.

Sasa muunganishe. Mutu wa mugodi ana silisi katika mapafu. Seli zinazokula uchafu zinakufa kwa silisi. Akishikwa na virusi vya sida, seli T nazo zinakufa. Mulango wa mbele na wa nyuma yote miwili iko wazi. Uchunguzi uliofanywa kwa wachimbaji wa zahabu wa Afrika ya Kusini, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba silikozi na virusi vya sida, vikiwa pamoja, hatari ya tibi haijumlishwi tu, inazidishwa. Kwa hiyo mutu anayemuambia mufanyakazi "tibi yako imetoka kwa maisha yako ya inje" anasema nusu ya neno. Nusu nyingine iko katika mashini ya kutoboa.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini hawakunyamaza. Walipeleka kampuni za zahabu mbele ya tribinali, pamoja na wajane. Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 2019, tribinali kuu ya Johannesburg ilikubali mapatano ya franga za kulipa wagonjwa wa silikozi na tibi na jamaa za waliokufa: randi miliari 5. Kati ya wanaostahili kulipwa kuna watu wa Lesotho, wa Msumbiji na wa inchi nyingine waliokwenda kufanya kazi kule. Haikuwa zawadi. Ilichukua miaka, na ilihitaji karatasi: nani alifanya kazi wapi, tangu lini, radio inaonyesha nini.

Na hapa kwetu? Mwaka 2020 jarida The Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi uliofanywa Lubumbashi na wasomi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Leuven, Ubelgiji. Waliwalinganisha watoto waliozaliwa na kilema na watoto waliozaliwa bila kilema. Wakakuta kwamba baba anayefanya kazi inayohusu mine alikutwa mara nyingi zaidi upande wa watoto wenye kilema. Baba, wandugu, siyo mama. Uchunguzi huo hausemi kila kilema kinatoka kwa mugodi, na sisi hatusemi hivyo. Lakini unatosha kufunga kinywa cha yeyote anayemuelekezea muke kidole. Na unatosha kwa sindika kuuliza: nguo zenye vumbi, kwa nini zinafuliwa nyumbani, katika beseni moja na nguo za mutoto?

Haya ndiyo tunayoomba, na hatuombi kitu cha mbinguni.

Tunaomba vumbi lipimwe, na namba zibandikwe ukutani pale wafanyakazi wanapopita, siyo kufungwa katika kabati la wakapita. Tunaomba maji kwenye mashini ya kutoboa na ya kusaga, kwa sababu jiwe lililolowa halirushi vumbi kama jiwe kavu. Tunaomba maski zinazozuia punje ndogo, zenye alama ya FFP2 au zaidi, zinazobadilishwa zikichafuka. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia mchanga, hakizuii silisi. Tunaomba mahali pa kuoga na kubadilisha nguo mbele ya kurudi nyumbani.

Tunaomba radio ya kifua siku ya kuingia kazini, kila mwaka, na siku ya kutoka. Na kopi ipewe mufanyakazi mukononi mwake. Radio inayobaki kwa kampuni peke yake ni ya kampuni. Tunaomba watu wa sutretansi wahesabiwe sawasawa na wengine, kwa sababu mara nyingi ndio wanaowekwa mahali pa vumbi kali, na kontra yao inaisha mbele kikohozi hakijaanza. Wandugu wanaochimba kwa mikono hawana hata munganga wa kazi. Serikali na koperative zao wanapaswa kuwaingiza katika mupango huo.

Sheria iko upande wetu. Kodi ya Kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha muajiri alinde afya ya wafanyakazi, na inataka kuwe na komite ya usalama na usafi mahali pa kazi. Sheria ya usalama wa jamii ya mwaka 2016 inahesabu magonjwa ya kazi kati ya hatari zinazolipwa na CNSS, na muchango wa upande huo unalipwa na muajiri peke yake. Mufanyakazi anayekubali kuandikiwa "ugonjwa wa famili" anaachilia haki hiyo kwa mukono wake mwenyewe. Wandugu, musitie sahihi karatasi ambayo hamukuelewa. Muichukue, mulete kwa delege, tusome pamoja.

Na ninyi wamama, wekeni karatasi. Kontra, bulletin za mushahara, radio, karatasi za hospitali, hata kadi ya kuingia mugodini, viweke pamoja mahali pakavu. Mume akikufa na wandugu wake wakaanza neno la bulozi, wewe uwe na radio ya mapafu mukononi. Ile radio itakusemea katika ukoo, na itakusemea mbele ya tribinali vilevile.

Hatuna wivu na panya. Wasomi wanaomuwekea hewa safi wanafanya vizuri, na kwa kazi hiyo wagonjwa wengi wamepata dawa. Tunachosema ni hiki: mwanadamu ameshajua, tangu zamani, kwamba kiumbe dhaifu anaishi akilindwa na kiumbe muzima anakufa akiachwa katika uchafu. Elimu hiyo iko, imechapishwa, haina siri. Kilichobaki ni kuileta mpaka chini ya udongo, kule watu wetu wanapovuta pumzi.